Madaraja ya zamani Ufipa hayana michoro: Yapimwe vipi kabla mto haujayapima?

MVUA zinapokatika mwishoni mwa Aprili na mahindi kuanza kukaukia mashambani, mnunuzi wa mazao anayetaka kuingia vijiji vya Mwazye huwa na swali moja kabla hajauliza bei ya gunia. Njia inapitika? Akiambiwa kuwa daraja fulani limeondoka na maji, bei anayokuja kuitaja inakuwa imeshashuka hata kabla ya lori kuwashwa.

Mwazye ipo wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa. Kwa miongo kadhaa mkoa huo umetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ndiyo mikoa minne mikubwa inayolisha nchi kwa mahindi. Uwanda huo hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Maji yake mengine huteremkia Ziwa Tanganyika kwa mto Kalambo, mengine huenda Ziwa Rukwa kwa mto Momba, na katikati ya hapo vimetapakaa vijito na mabonde ya majani ambayo kiangazi unaweza kuyavuka bila kulowa viatu.

Barabara kubwa za huko zimebadilika sana. Ile ya Tunduma hadi Sumbawanga iliwekewa lami kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, na ile ya Sumbawanga kwenda Matai nayo ina lami hadi bandari ya Kasanga. Lakini mahindi, maharage na ulezi havioti kando ya lami. Hutoka vijijini, na kabla havijafika kwenye lami huvuka madaraja madogo ambayo mengine yana umri mkubwa kuliko wakulima wanaoyatumia.

Kwa madaraja ya namna hiyo, popote yalipo nchini, lipo swali ambalo ofisi nyingi haziwezi kulijibu leo. Msingi wa nguzo ulichimbwa kwenda chini kiasi gani? Umekaa juu ya mwamba, juu ya udongo mgumu, au juu ya mchanga tu?

Faili limepita mikono mingi

Si vigumu kuelewa kwa nini jibu limepotea. Madaraja ya vijijini yalijengwa na watu wa kila aina: serikali ya mkoloni, misheni, halmashauri za wenyeji, idara ya ujenzi, wafadhili, na wananchi wenyewe kwa nguvu za kujitolea. Wapo waliochora michoro na wapo waliompa fundi mwashi kipimo cha kamba na kumwambia achimbe mpaka akute pagumu.

Hata pale michoro ilipokuwepo, ilisafiri. Mwaka 1972 serikali ilifuta halmashauri za wilaya na kuhamishia shughuli zake mikoani. Mwaka 1974 ukaundwa mkoa wa Rukwa kutoka sehemu za Mbeya na Tabora. Halmashauri zikarudishwa katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2000 ikaanzishwa TANROADS kusimamia barabara kuu na za mikoa, mwaka 2012 wilaya ya Kalambo ikamegwa kutoka Sumbawanga Vijijini, na Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zikakabidhiwa TARURA. Kila mara ofisi inapohama, makabati huhama nayo, na yeyote aliyewahi kuhama nyumba anajua kuwa si kila kitu hufika.

Ndiyo maana mhandisi wa leo anaweza kurithi orodha yenye jina la daraja, urefu wake na hali ya sehemu ya juu wanakopita watu na magari, huku sehemu ya chini ya maji ikiwa haina hata mstari mmoja.

Maji hulaje msingi?

Watu wengi wakiona daraja limeanguka husema limezidiwa na uzito wa malori au limesukumwa na nguvu za maji. Mara nyingi chanzo si hicho. Takwimu za Marekani na Ulaya zimeonyesha kwa muda mrefu kuwa mafuriko na kufukuliwa kwa misingi ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa zinazoangusha madaraja yaliyo juu ya mito. Zege linaweza kuwa zima, mawe yakawa mazima, na daraja likaanguka kwa sababu limebaki halina kitu cha kusimamia.

Maji yanayokuja kwa kasi hugonga uso wa nguzo, hugeuka kuelekea chini, kisha huizunguka miguu yake kama kekee inayotoboa ubao. Mchanga huondoka na shimo hubaki. Kanuni inayotumiwa sana na wahandisi wa Marekani husema kuwa nguzo yenye uso wa mviringo iliyo sambamba na mkondo, katika mto wa kawaida wenye mchanga, inaweza kuchimbiwa shimo la kina cha hadi mara 2.4 ya upana wake. Nguzo ya mita moja basi inaweza kupata shimo la mita mbili na nusu hivi. Mto ukigeuza mkondo na kuipiga nguzo ubavuni, au gogo kubwa likinasa kwenye nguzo na kuifanya iwe pana, shimo huzidi.

Hapo fikiria fundi wa zamani aliyechimba msingi kwa sururu na chepeo wakati wa kiangazi. Alipofika kwenye maji ya chini ya ardhi, bila pampu, alikuwa na uwezo gani wa kuendelea? Haishangazi kukuta misingi ya mita moja, au moja na nusu, katika mto unaoweza kufukua zaidi ya hapo.

Kuna aina nyingine mbili za mmomonyoko. Ya kwanza inatokana na kuubana mto. Katika mabonde mapana kama ya Ufipa, barabara hupita juu ya tuta refu na daraja huwa fupi katikati. Mafuriko yaliyokuwa yakitambaa katika bonde lote hulazimika kupenya kwenye mlango mmoja, yakiongeza kasi na kuchimba sakafu yote ya mto chini ya daraja. Yakikosa nafasi hapo, hula tuta. Madaraja mengi yanayotangazwa kuwa yamesombwa bado yamesimama palepale. Kilichosombwa ni barabara ya kuyafikia.

Aina ya pili huenda polepole, mwaka hadi mwaka. Misitu ya juu ikikatwa maji huteremka kwa haraka. Bustani zikilimwa hadi ukingoni, kingo hubomoka, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mchanga wa kujengea ukichotwa chini ya daraja, mto hushusha sakafu yake ili kujaza pengo. Korongo linaloanza mita mia mbili upande wa chini linaweza kupanda taratibu hadi likafika kwenye nguzo.

Shimo lisiloonekana kiangazi

Kinachowadanganya wengi, wakiwemo wakaguzi, ni kwamba mto huficha ushahidi wake. Shimo huwa na kina kikubwa zaidi wakati maji yamejaa, muda ambao hakuna mtu anayeweza kushuka kutazama. Maji yakianza kupungua nguvu, mchanga na tope vilivyokuwa vikisafiri hutua shimoni. Mkaguzi akija Julai anakuta sakafu tambarare, safi, na watoto wanacheza. Anaandika kuwa msingi haujaguswa.

Mchanga huo mpya hauna nguvu. Haujashindiliwa, na mafuriko yanayofuata huuondoa ndani ya muda mfupi kisha huendelea kuchimba pale yalipoishia. Daraja linaweza kupita misimu mitatu ya namna hiyo likionekana zima, na likaanguka msimu wa nne kwa mvua ambayo wala haikuwa kubwa kuliko zilizotangulia. Ndiyo maana ile kauli kwamba daraja hili limesimama miaka 60, kwa hiyo ni imara, haitoshi kuwa ushahidi.

Yaliyowakuta wengine

Jirani zetu wa Kenya hawajasahau Januari 1993, pale treni ya abiria iliyokuwa katika njia ya kati ya Nairobi na Mombasa ilipotumbukia katika mto Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei, baada ya daraja kuondolewa na mafuriko. Walikufa zaidi ya watu 100. Reli hiyo ilijengwa miaka ya 1890.

Kwetu, mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu vibaya Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, njia iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na safari zikasimama kwa miezi. Machi 2020 daraja la Kiyegeya mkoani Morogoro lilikatika na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikafungwa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini eneo la Somanga, mkoani Lindi, na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kama barabara kuu zenye wahandisi na mitambo hupatwa na haya, tusishangae kuhusu za vijijini.

Marekani walistushwa na daraja la Schoharie, jimbo la New York, lililoanguka Aprili 5, 1987 na kuua watu 10. Mawe yaliyowekwa kulinda nguzo zake yalikuwa yamesombwa miaka mingi nyuma na hayakurudishwa ipasavyo. Baada ya hapo kila daraja la mtoni nchini humo lilitakiwa kupimwa kwa hatari hiyo. Ndipo ikagundulika kuwa makumi ya maelfu ya madaraja hayana kumbukumbu ya msingi. Nchi tajiri kiasi hicho nayo ilikuwa imepoteza mafaili yake.

Lakini kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kisa chenye funzo kubwa kwetu ni cha Ireland. Daraja la reli la Malahide, kaskazini mwa Dublin, lilianguka jioni ya Agosti 21, 2009, muda mfupi baada ya treni ya abiria kupita. Hakuna aliyekufa. Uchunguzi rasmi ulionyesha kuwa nguzo zake hazikusimama juu ya mwamba. Zilisimama juu ya rundo la mawe lililojengwa ndani ya maji katika karne ya 19, ambalo kwa miaka mingi wafanyakazi wa reli walikuwa wakiliongezea mawe kila yalipopungua. Wazee waliojua siri hiyo walistaafu, faili likasahaulika, na waliobaki wakakagua nguzo wakidhani ziko imara. Siku chache kabla ya kuanguka, kiongozi wa skauti wanaotumia maji hayo alitoa taarifa kuwa ameona mabadiliko. Mhandisi akaenda, akatazama nguzo, akaona hazina nyufa, akaondoka. Hakutafuta kufukuliwa kwa msingi.

Mtu wa kawaida anayeishi karibu na maji aliona kilichokuwa kikitokea. Mtaalamu alikuja na swali tofauti kichwani.

Kutojua si sawa na usalama

Mwaka 2006 ulitolewa Marekani mwongozo wa kushughulikia madaraja ya misingi isiyojulikana. Wazo lake linaweza kutumika hata Kalambo bila kompyuta: usitumie fedha nyingi kutafuta kina cha kila msingi, na usilichukulie daraja kuwa salama kwa sababu hujui. Kwanza pima hatari iliyopo na hasara itakayotokea, kisha amua kama inafaa kuchimba kutafuta msingi, kuweka kinga, au kulichunga tu.

Hatari yenyewe husomwa kwa mambo matatu: tabia ya mto, hali ya daraja, na idadi ya watu na mali vinavyolitegemea.

Kwa mto, chombo cha kwanza ni wazee. Waulizwe maji yalifika wapi katika mvua za El Nino za 1997 na 1998, na yalifika wapi katika mvua za 2023 na 2024, ambazo hadi Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kuwa zilikuwa zimeua watu 155 nchini kote. Waulizwe kama mto umehama, kama zamani walivuka kwa mawe ambayo sasa hayafikiki, kama daraja limewahi kutengenezwa na fundi gani. Kuna mzee ambaye akiwa kijana alibeba mawe ya kujengea daraja hilo. Maelezo yake kwamba shimo liliwafika kiunoni au kifuani yana thamani kuliko kabati tupu. Parokia za siku nyingi, kama ya Mwazye, nazo huwa na vitabu vya kumbukumbu na picha, na Idara ya Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam inatunza mafaili ya wilaya ya enzi za ukoloni. Ni kazi ya siku chache, na hufanywa mara moja tu.

Kwa daraja lenyewe, ukaguzi ufanywe kati ya Agosti na Oktoba, mto ukiwa umepungua kabisa. Dalili mbaya huonekana kwa macho. Ukingo wa pembeni uliokuwa umenyooka sasa umepinda. Kuna ufa unaopanda kutoka chini ya ukuta. Mawe ya msingi yaliyokuwa ardhini yako wazi na yana mstari wa udongo juu yake. Kuna njia ya maji nyuma ya kuta za pembeni. Mkondo unaipiga nguzo kwa mshazari. Upande wa chini wa daraja kuna bwawa lenye kina ambalo halikuwepo zamani.

Baada ya macho, nondo. Nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita mbili na nusu, ikinolewa ncha, husema mengi. Ichomwe kuzunguka nguzo kila baada ya nusu mita. Ikiingia kwa urahisi kwa mita moja kabla ya kukutana na pagumu, inaelekea hapo palikuwa na shimo lililojaa upya. Kina hicho kiandikwe, maana ndicho kilichofikiwa katika mafuriko yaliyopita. Linganisha na sehemu ya mto iliyo mbali na daraja. Nondo ikigonga kitu kigumu, tahadhari: huenda ni jiwe lililodondoka, na si mwamba. Miamba ya Ufipa ni ya kale sana na juu mara nyingi imeoza. Ikiwa kavu inaonekana ngumu kama tofali, ikilowa inamegeka kwa mkono.

Pale inapolazimu kuuona msingi wenyewe, huchimbwa shimo dogo kwenye kona moja ya ukuta wa pembeni, mhandisi akiwepo. Si kwenye nguzo ya kati, si pande mbili kwa wakati mmoja, na kamwe si chini ya msingi. Kina kikishapimwa na picha kupigwa, shimo hufukiwa na kushindiliwa siku hiyo hiyo. Zipo pia njia za kitaalamu: kukoroga tundu jembamba kupitia nguzo hadi chini yake, au kugonga nguzo na kusikiliza mawimbi ya sauti ndani ya tundu lililochimbwa pembeni. Hizo zina gharama na zinafaa madaraja makubwa, kwa sababu kwa daraja la mita nane kijijini gharama hiyo inaweza kukaribia ya kujenga jipya.

Kipimo kinachosahaulika ni cha kamba. Chagua alama tano juu ya ukingo wa daraja, zipake rangi, na kila mwaka teremsha kamba yenye timazi kutoka kila alama hadi sakafu ya mto. Andika namba. Mwaka mmoja haukuambii kitu, lakini baada ya miaka mitatu unajua kama mto unashuka. Maji yakiwa ya wastani, na pakiwa salama kusimama, kipimo hicho kikichukuliwa kwa timazi zito huonyesha shimo ambalo kiangazi hutaliona.

Hesabu ya gunia

Wafanyabiashara watauliza faida iko wapi. Tuchukue mfano wa kubuni. Daraja likikatika, lori linalazimika kuzunguka kilomita 60 zaidi kwenda na 60 kurudi. Fuso ya tani 10 inayokula lita moja kwa kilomita tatu itaongeza lita 40. Dizeli ikiwa Sh3,000 kwa lita, ni Sh120,000 kwa safari. Lori limebeba magunia 100 ya kilo 100, si lumbesa, kwa hiyo kila gunia limebeba Sh1,200 za mafuta peke yake. Bado dereva, matairi na siku iliyopotea. Eneo linalouza magunia 20,000 kwa msimu limepoteza Sh24 milioni, na anayezilipa ni mkulima, kwa kuwa mnunuzi humkata kwenye bei ya shambani. Nondo, kamba, timazi na vibarua wa siku mbili ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Uwezekano nao si mdogo kama watu wanavyodhani. Mafuriko ambayo kwa wastani hutokea mara moja katika miaka 25 yana nafasi ya asilimia nne kila mwaka. Ndani ya miaka 10, nafasi ya kuyapata walau mara moja ni kama moja kati ya tatu. Mkulima anayekopa kwa kutegemea mavuno angepaswa kuijua namba hiyo, na taasisi inayomkopesha pia.

Tangu Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli imekuwa na Sh100 zilizoongezwa kwa ajili ya barabara za TARURA. Mwananchi wa Mwazye anayenunua mafuta ya pikipiki amechangia, na ana haki ya kuuliza daraja lake limewekwa daraja gani la hatari.

Likishaonekana lina hatari

Daraja lenye msingi usiojulikana na dalili mbaya halihitaji kubomolewa kesho. Kazi za kwanza ni za mikono: kuondoa magogo na takataka zilizonasa kabla ya Novemba, kuzuia uchotaji wa mchanga karibu na daraja upande wa juu na wa chini, na kufungua makalavati ya ziada katika tuta ili mafuriko yapate mlango mwingine.

Mawe ya kuzunguka nguzo husaidia, yakiwekwa ipasavyo. Yawe makubwa kiasi kwamba maji hayayaviringishi, yawe na tabaka la kokoto au kitambaa maalumu chini yake ili mchanga usinyonywe, na yachimbiwe hadi juu yake yalingane na sakafu ya mto. Kumwaga tipa mbili za mawe katikati ya mlango wa daraja, kama inavyofanywa mara nyingi kwa haraka, huubana mto zaidi na kuhamishia shimo kwenye nguzo ya pili. Magabioni ni mazuri pale wananchi wanapokubali kuyalinda. Waya wake hutamaniwa na wafugaji wa kuku, na baada ya misimu miwili huwa yamebaki mawe tu.

Iwepo pia kanuni ya kufunga. Pakwe mstari mwekundu kwenye ukuta wa daraja kwa urefu utakaokubaliwa na mhandisi. Maji yakiufikia, malori yasipite, na mwenyekiti wa kitongoji awe na mamlaka ya kuweka kizuizi bila kusubiri simu kutoka wilayani. Yakishuka, daraja lisifunguliwe kwa magari mazito hadi kamba ishushwe na namba zilinganishwe na za mwanzo. Madereva watalalamika. Wenye mzigo wa nyanya watalalamika zaidi.

Kwa upande mwingine, madaraja mapya yanaendelea kujengwa. TARURA imekuwa ikijenga ya upinde wa mawe, teknolojia iliyoanza kutumika Kigoma kwa ushirikiano na Wabelgiji na inayopunguza sana gharama kwa kutumia mawe ya eneo husika. Ni hatua nzuri. Lakini upinde husukuma miguu yake kwenda nje, hivyo mguu ukifukuliwa hata kidogo, upinde wote uko hatarini. Kabla shimo la msingi halijafukiwa, ipigwe picha yenye futi ya kupimia ndani yake, kiandikwe kina, aina ya udongo uliokutwa, tarehe, na alama ya kudumu juu ya daraja ambayo vipimo vimeanzia. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, ya pili TARURA wilayani, ya tatu makao makuu, na namba ya kina ichongwe kwenye saruji ya ukingo, pale kwa kawaida hapaandikwi kitu zaidi ya jina la mgeni rasmi aliyezindua.